Saa 02:40 ya tiketi ni ya usiku upi?

Mama mdogo alikuwa anakwenda kwa binti yake Minneapolis, Marekani, na mimi ndiye niliyeshika tiketi. Iliandikwa tarehe 17, saa 02:40. Basi tarehe 17 tukala pilau la kumuaga pale Moshi, tukaomba dua, usiku tukapita Boma Ng'ombe tukicheka. Mlangoni KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, askari akaitazama karatasi, akanitazama mimi. "Kaka, ndege hii imeshaondoka tangu alfajiri."

Kosa langu. 02:40 ni saa nane na dakika arobaini, usiku wa kuamkia tarehe 17. Nyumbani unatoka tarehe 16. Siku hizi nikiletewa tiketi naigeuza kwanza kwa saa zetu, naandika kwa kalamu nyekundu: "usiku wa kuamkia..."

Watu huniuliza, mpaka Marekani ni saa ngapi? Kwa mstari ulionyooka, KIA hadi Minneapolis ni kama kilomita 13,300. Ndege kubwa hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo ungesema saa kumi na tano. Lakini ndege ya moja kwa moja haipo.

Ukipitia Amsterdam, ni kama 6,900 halafu 6,700. Jumla 13,600! Ukitazama ramani ya ukutani utabisha, ila vuta uzi juu ya tufe uone: Amsterdam iko karibu kabisa na njia. Ukipitia Doha na Chicago inafika 15,500, yaani zaidi ya saa mbili za ziada angani. Hata hivyo, usichague kwa kilomita peke yake. Kama Amsterdam utasubiri saa tisa na Doha saa mbili, faida ya njia fupi imeliwa. Ila kwa mzee mwenye magoti mabovu, hizo saa mbili za kukimbilia ndege nyingine nazo ni adhabu. Mama mdogo nilimwombea kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi. Hakitozwi hela.

Tena saa za kwenye tiketi ni za kila mji. Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa 9 majira yao ya baridi, saa 8 kiangazi. Ukitoka hapa 20:00 Januari ukafika kesho yake 14:00, hizo si saa 18, ni 27. Mwambie anayekwenda kumpokea.

Na kwenye tiketi usitafute neno KIA, utaona JRO. ARK ni uwanja wa Kisongo, Arusha, mahali pengine kabisa. Wanaotoka Arusha siku ya Jumatano au Jumamosi waongeze muda: Tengeru, iliyo njiani, ni siku ya soko.