Kwa wadogo zangu mnaoanza mawasiliano katika vitengo vya ubunifu vya mashirika ya misaada

Rasimu za taarifa kwa vyombo vya habari zimeanza tena kufika mezani kwangu zikitangaza kwamba kifaa fulani kitabadilisha maisha ya mamilioni, ilhali kifaa chenyewe kingali kwenye majaribio katika zahanati chache, na muuguzi anayekitumia bado anaandika kila kitu daftarini kwa sababu hakiamini. Nawapenda, na ndiyo maana naona bora mkaripiwe na mimi kabla rasimu hizo hazijawafikia wafadhili.

1. Idadi unayoiandika hugeuka kuwa lengo la mradi. Kila anayeingia katika kazi hii aisome habari ya PlayPump, gurudumu la kuchezea watoto ambalo likizungushwa hupandisha maji ya kisima hadi kwenye tangi. Lilianzia Afrika Kusini, likapata tuzo ya Benki ya Dunia mwaka 2000, na Septemba 2006 likatangazwa jijini New York, Laura Bush, mke wa rais wa Marekani wa wakati huo, akiwa jukwaani, pamoja na ahadi ya dola milioni 16.4. Lengo lilikuwa pampu 4,000 kufikia mwaka 2010 na maji kwa watu hadi milioni 10. Watoto wanacheza, maji yanapanda, matangazo yaliyobandikwa kwenye tangi yanalipia matengenezo: ni nani kati yetu angeikataa stori hiyo? Tusijidanganye, tungeigombania.

Hotuba zilipokwisha, maofisa wa maji wa wilaya walibakiwa na idadi ambayo hawakuipanga wao, na pampu ambayo bei yake iliizidi mara kadhaa ile ya pampu ya mkono. Kuna vijiji vilivyong'olewa pampu ya mkono iliyokuwa ikifanya kazi ili gurudumu lipate nafasi. Watoto walipokuwa darasani, au walipochoka, waliolizungusha ni wanawake watu wazima, na baadhi yao walisema wazi kwamba kazi hiyo iliwachosha na kuwaaibisha. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza likapiga hesabu na kukuta kwamba, ili lengo la maji kwa kila pampu litimie, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kwa siku. Mwaka uliofuata Case Foundation, mmoja wa wafadhili wakuu, ikakiri hadharani kwamba matarajio hayakufikiwa. Kinachoniuma ni kwamba hesabu ile ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Mtu wa mawasiliano angeweza kuifanya nyuma ya bahasha kabla hotuba haijachapwa, lakini sisi huwa tunahariri vivumishi na kuziacha tarakimu zipite. Gurudumu lenyewe lingeweza kuifaa shule kubwa yenye watoto wengi. Stori ndiyo iliyolipeleka kila mahali.

2. Mwenye mradi ni wizara, kwa hiyo msiitaje katika aya ya saba baada ya nukuu tatu za mfadhili. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha miradi yote ya majaribio ya afya kwa njia ya simu na kompyuta, kwa kuwa ilikuwa imerundikana bila kuwasiliana, na nina hakika mingi kati yake ilikuwa na vipeperushi vizuri sana.

3. Fomu ya ridhaa isainiwe kabla ya picha, na isomwe kwa lugha ya anayepigwa picha.

4. Msomaji wa kwanza wa habari za droni, yaani ndege ndogo isiyo na rubani, ni mwanakijiji anayeishi chini ya njia yake. Malawi ilijaribu droni mwaka 2016 kwa nia ya kusafirisha sampuli za damu za watoto wachanga kwa vipimo vya VVU, na Juni 2017 serikali na UNICEF wakafungua ukanda wa anga wa kujaribia droni katika wilaya ya Kasungu. Miezi michache baadaye, katika wilaya za kusini mwa nchi hiyo, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kuuawa na Umoja wa Mataifa kuwahamisha wafanyakazi wake kwa muda. Sidai kwamba mambo hayo yana uhusiano. Lakini sisi tuliolelewa kwa hofu ya mumiani hatuhitaji kuelezwa namna chombo kinachobeba damu kinavyoweza kueleweka kijijini, na bado naletewa mipango ya mawasiliano yenye ukurasa mzima kuhusu X (zamani Twitter) na mstari mmoja kuhusu mkutano wa hadhara. Anzeni na mwenyekiti wa kijiji, na redio ya jamii, na mwalimu mkuu, halafu Geneva, kwa wakubwa wa mashirika ya kimataifa.

5. Mradi ukifungwa, andikeni tarehe na sababu katika ukurasa uleule uliotangaza uzinduzi wake, na mtumieni kiungo hicho ofisa wa wilaya kabla ya mfadhili.