"Tooth and nail": ni ukucha, si msumari

Nimesoma kwamba wanachama "watapigana jino na msumari". Maana yake nini?

Haina maana. Mwandishi alikutana na *fight tooth and nail*, akachukua maana ya kwanza ya *nail* iliyomjia kichwani. Hapo *nail* ni ukucha. Ni picha ya mnyama aliyebanwa pembeni: anang'ata, anararua, hana silaha ila mwili wake, na hakubali kushindwa. Wafaransa nao husema *bec et ongles*, yaani mdomo wa ndege na kucha. Msumari haumo.

Basi niandike "jino na ukucha"?

Atakayekuelewa ni yule anayejua Kiingereza tayari, na huyo hakuhitaji tafsiri yako. Anza na kitenzi. Kikiwa *fight*, Kiswahili kina kupigana kufa na kupona. Kikiwa *resist*, kuna kusimama kidete. Chukua *They opposed the plan tooth and nail*: "Waliupinga mpango huo vikali." Neno moja, vikali, limebeba meno na kucha zote. Nawasihi wanaotafsiri habari: kamusi inayotoa maana ya neno mojamoja haitoshi kwa nahau. Tafuta nahau nzima ndipo uandike.

Si ndiyo "jino kwa jino"?

Sivyo kabisa. Jino kwa jino ni kisasi cha kipimo kilekile, kama ilivyo katika Kutoka 21:24. Anayepigana *tooth and nail* huenda hajatendewa lolote. Anatetea tu kiti chake, shamba lake au mtoto wake. Ukichanganya hizi mbili, mtu anayejitetea unamgeuza mlipiza kisasi, na katika habari ya mahakamani hilo ni kosa zito.

Na "kwa udi na uvumba"?

Hiyo hukaa vizuri na kutafuta: alisaka kazi kwa udi na uvumba. Kwa kupinga, iache.

Ni *teeth and nails* au *tooth and nail*?

Swali hili linarudi kila mara, na jibu halijabadilika: *tooth and nail*. Umoja, bila *a* wala *the*. Zamani, katika karne ya 16, Waingereza waliitanguliza *with*, leo usiiweke. Huja baada ya kitenzi, au baada ya yambwa (kinachotendewa) kama kitenzi kinayo: *She defended her seat tooth and nail*. Ukiendelea na kitenzi kingine, weka *to*: *fought tooth and nail to keep it*. Ukiendelea na nomino, ni *for* kwa unachokitaka, *against* kwa unachokikataa. Ikitangulia nomino ipewe vistari: *a tooth-and-nail fight*.

Naweza kusema *I studied tooth and nail*?

Usiseme. Nahau hii inataka mpinzani au kitu kinachotaka kukunyang'anya, na kitabu hakikunyang'anyi chochote. Sema *I studied very hard*. Kwa Kiswahili, nilijifunga kibwebwe, kama mwanamke anavyokaza kanga kiunoni kabla ya kushika kazi.

Kuna tofauti na *hammer and tongs*?

Ipo. Hizo ni nyundo na koleo za mhunzi: koleo limeshika chuma, nyundo inashuka mfululizo kabla hakijapoa. Kwa hiyo *go at it hammer and tongs* yafaa kwa kazi ya kasi na nguvu. Lakini ukiisema juu ya watu wawili, wengi wataelewa kuwa wanagombana kwa kelele.