Muulize Mwalimu: Skrini izimwe, maputo yapande

Shikamoo Mwalimu. Klabu yetu ya kompyuta imepewa muda wa saa tatu kwenye tamasha la teknolojia chuoni. Tuna kompyuta sita tu, na wageni wengi hawajui kuandika programu. Tuandae mchezo gani? – Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Sita zinatosha kabisa. Kwenye ICPC, mashindano ya vyuo vikuu duniani, wanafunzi 3 hutumia kompyuta moja kwa saa 5, na kila swali wanalolipatia hufungiwa puto lenye rangi yake. Nunueni maputo! Hata mzazi asiyejua programu ni nini ataona nani anaongoza.

Mimi napenda zaidi mchezo wa skrini iliyozimwa: mshindani anaandika programu bila kuona anachoandika. Dakika 10, swali jepesi: andika namba 1 hadi 100, ila inayogawanyika kwa 3 iwe "pa", kwa 5 "ta", kwa zote mbili "pata". Nilimwona binti wa mwaka wa kwanza akinong'ona kila mabano aliyofungua, asisahau kuyafunga. Skrini ilipowashwa, programu ikakubali papo hapo. Ukumbi mzima ulisimama.

Nakusihi jambo moja: maswali myajibu wenyewe kwanza. Niliwahi kushuhudia jibu la majaji likiwa na kosa, vijana wakaongezewa dakika 20 za adhabu kwa kila jibu lililokataliwa, kumbe walipatia. Walitoka na machozi, na mmoja wao hakurudi tena klabuni.