Ukiongoza Msafara wa Baiskeli, Mjue Aliye Nyuma

Klabu nyingi za baiskeli humchagua kiongozi wa msafara kwa kuangalia miguu yake. Mwenye kasi kuliko wote ndiye anayekabidhiwa njia na watu. Mimi huwa namtafuta mtu mwingine kabisa: yule ambaye hata akiwa mlimani pumzi zimembana, bado anajua nani yuko nyuma ya nani. Mwendo wa msafara unaamuliwa na mtu wa mwisho, mpende msipende. Kiongozi asiyelijua hilo hulijifunza siku anapogeuka na kukuta barabara tupu.

Kazi inaanzia kwenye tangazo. "Mwendo wa kawaida, wote mnakaribishwa" ni maneno matupu, maana kila mtu ana kawaida yake. Andika kilomita, andika vilima vilivyopo, andika saa ya kurudi. Kwenye mwendo ndipo watu wengi wanapotegwa. Msafara uliomaliza na wastani wa kilomita 22 kwa saa huenda kwenye tambarare ulikuwa unakwenda 26 au 28, kwa sababu vilima na makutano ndivyo vilivyoushusha wastani. Mgeni ambaye 22 ndio mwendo wake wa tambarare anaposoma tangazo anasema hii yangu, anakuja, na nusu saa haijaisha ameshachoka. Hakuna aliyemdanganya mwenzake hapo, lakini mtu amekwishaumia. Siku hizi naandika namba zote mbili, wastani na mwendo wa tambarare. Na kama msafara hausubiri mtu, andika hivyo waziwazi. Si kosa, mazoezi ya kasi yana watu wake. Kosa ni kuahidi kusubiriana halafu mtu akabaki peke yake kwenye njia asiyoijua.

Siku yenyewe, fika kabla ya wote. Mgeni naye hufika mapema, akasimama pembeni akijifanya anakagua tairi. Mfuate, usingoje akufuate. Muulize jina, muulize safari yake ndefu ya karibuni ilikuwa ya kilomita ngapi, kisha muulize kama amewahi kuendesha ndani ya kundi. Hilo la mwisho ndilo nalitilia maanani zaidi. Mwenye nguvu aliyezoea barabara peke yake ananitia wasiwasi kuliko mwenye mwendo wa pole aliyezoea kundi, kwa kuwa wa kwanza akiona shimo hulikwepa ghafla, na akihisi amesogea mno kwa wa mbele hukamata breki kwa nguvu. Kwa kilomita 30 kwa saa baiskeli inapita zaidi ya mita nane kila sekunde. Wa nyuma yake hana muda wa kufikiri.

Baiskeli ya mgeni usiikague kwa jicho la dharau. Upepo kwenye tairi, breki zinashika, magurudumu yamekazwa, kofia ngumu imefungwa chini ya kidevu. Yatosha. Kama baiskeli ni nzito na ya zamani, ataligundua mwenyewe bila hotuba ya mtu.

Maelezo ya mwanzo nayapa dakika mbili, zikizidi hakuna anayesikiliza. Njia, vituo, ishara za mikono, nani anafunga msafara kwa kukaa wa mwisho, na sentensi moja ambayo siiachi: "Ukitaka kugeuza au kukatisha, ruksa, ila mwambie mtu." Anayetoweka kimyakimya anaweza kuwasimamisha wote mkimtafuta mtaroni.

Sasa mgeni umweke wapi? Wengi humpeleka nyuma, eti asiwasumbue wenye kasi. Hapo ndipo mahali pagumu kuliko pote. Wa mbele akipunguza kidogo kwenye kona, wa pili anapunguza zaidi, wa tatu zaidi tena, na wa mwisho anakaribia kusimama. Kona ikiisha, wa mbele anarudi kwenye mwendo wake bila jasho, ilhali wa mwisho anakanyaga kwa nguvu zote kuliziba pengo. Kundi linavutika na kurudi kama mpira, na ncha yake ya nyuma ndiyo inayochapwa. Ukimweka mtu dhaifu hapo, umemfanyisha mbio za vipindi vifupi safari nzima, kisha utasema hana pumzi.

Mimi humweka safu ya pili au ya tatu, kando ya mtu mtulivu mwenye mwendo usiopandapanda. Pale hachapwi na mvutano wa nyuma, na upepo unapokelewa na walio mbele. Si jambo dogo: kwa mwendo wa kilomita 30 hadi 40 kwa saa, anayejikinga nyuma ya gurudumu la mwenzake anaweza kuokoa kiasi cha moja ya tano hadi robo ya nguvu. Afadhali nguvu hizo apewe anayezihitaji.

Anayefunga msafara achaguliwe kwa uangalifu uleule wa kiongozi. Awe na nguvu, maana atasimama na kufukuzia mara nyingi. Awe na pampu, tyubu na spana. Na awe na ulimi mzuri. Nimeona wafungaji waliokuwa wakipumua nyuma ya mtu kama mdai. Mwenye mkao wa namna hiyo mpe kazi nyingine.

Mkishaondoka, kiongozi ana shughuli moja kubwa nayo ni kuanza taratibu. Baada ya kila kona, kila taa, kila tuta, kanyaga polepole mpaka usikie kutoka nyuma kwamba wote wamepita. Taa ikilikata kundi, walio mbele wasogee mahali salama na kungoja. Usimwite mtu avuke taa nyekundu kwa sababu eti msafara usikatike.

Ishara ziwe chache na zipitishwe kutoka mbele hadi nyuma: shimo, simama, punguza, gari nyuma, gari mbele. Neno moja nimelipiga marufuku, nalo ni "salama!" kwenye makutano. Njia iliyo wazi kwa wa kwanza huenda imeshafungwa wa sita anapofika, naye anapita macho yamefungwa kwa imani ya sauti aliyoisikia. Kila mtu ajitazamie. Vilevile usimpungie dereva kumruhusu awapite. Uamuzi huo ni wake, ukiubeba wewe umebeba na ajali yake.

Kuhusu magurudumu, rudia hili hata kwa wakongwe: usiingize gurudumu lako la mbele kando ya gurudumu la nyuma la mwenzako. Yakigusana, yeye mara nyingi anaendelea na safari, wewe ndiye unayekwenda chini na kuwaangusha wa nyuma yako. Na anayetaka kusimama juu ya pedali aendelee kukanyaga wakati anainuka, la sivyo baiskeli inarudi nyuma kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuligusa gurudumu la wa nyuma.

Kwenda wawili wawili huwaudhi baadhi ya madereva, lakini hesabu iko upande wetu. Watu 12 kwa mstari mmoja wanafika mita 30 na zaidi. Wakijipanga wawili wawili urefu unakuwa kama nusu, na gari linawapita kwa muda mfupi zaidi. Kanuni za barabara za Uingereza, tangu marekebisho ya Januari 2022, zinasema wazi kwamba kwenda wawili wawili kunaweza kuwa salama zaidi, hasa kwa makundi makubwa. Fuata sheria ya mahali ulipo, na barabara ikiwa nyembamba au yenye kona kali jipangeni mmoja mmoja. Wakizidi kumi na watano hivi, gawa makundi mawili, kila moja na kiongozi wake, na acheni nafasi katikati ambayo gari linaweza kuingia.

Kilimani mwache kila mtu apande kwa mwendo wake. Kungojana ni juu, pembeni kabisa mwa barabara. Ila tazama kinachotokea kwenye misafara mingi: wenye kasi wanafika, wanapumzika, wanakunywa maji, wanapiga picha, halafu wa mwisho anapotokea tu mtu anasema, "Haya, tumetimia, twende!" Aliyechoka kuliko wote ndiye pekee asiyepumzika. Saa ya kupumzika ianze kuhesabiwa pale wa mwisho anapotia mguu chini. Wenye miguu inayowasha wapewe kazi, washuke wakapande tena pamoja na wa nyuma, au wamkinge mtu upepo kwenye tambarare inayofuata.

Usimuulize mtu, "Uko sawa?" Atajibu ndiyo hata roho ikiwa mdomoni, hasa mgeni asiyetaka kuonekana mzigo. Muulize jambo linalohitaji sentensi nzima, kwa mfano alivyoanza kuendesha. Akijibu kwa neno moja moja, mwendo umemzidi. Dalili nyingine ni kuacha kunywa maji, kichwa kuinama, na vipengo vinavyofunguka mbele yake kila penye mwinuko mdogo. Punguza bila kutangaza. Ukipaza sauti kwamba mnapunguza kwa ajili ya fulani, huyo fulani hamtamwona tena. Na asisukumwe mgongoni kabla hajaulizwa; wapo wanaoshukuru na wapo wanaochukia, dada zetu wengi wamenieleza hilo bila kuzunguka.

Pancha ikitokea, wote nje ya barabara, wawili wanatengeneza, wengine wanaacha ushauri. Mtu akianguka, kwanza zuieni magari, mmoja akae na aliyeanguka, mwingine apige simu. Msimwinue upesiupesi, wala msimvue kofia, labda kama mahali alipo pana hatari kubwa zaidi au hapumui. Akisema yuko mzima lakini anauliza swali lilelile mara ya pili, safari yake ya baiskeli siku hiyo imekwisha, hata abishe vipi. Kofia iliyopigwa chini isitumike tena. Kwa ajili hiyo kila anayekuja huniachia namba ya ndugu wa kupigiwa, na namba hizo anakuwa nazo anayefunga msafara pia, kwani huenda anayeanguka ni mimi.

Mkirudi, kabla ya stori za nani alimshinda nani, zungumza na aliyefunga msafara. Yeye ndiye aliyeona mapengo yalifunguka wapi na nani alinyamaza kuanzia kilomita ya ngapi. Kisha mtafute mgeni kabla hajapakia baiskeli yake, mtajie siku ya safari inayofuata na namba zake zote mbili za mwendo, aamue mwenyewe.