Sanamu ya basoda ya zamani: sima ao mukuba?

Ulizo. Jambo fundi. Siye tuko batoto na bajukuu ya basoda ya Force Publique, jeshi ya Congo ya wakati ya Babeleji, kuko benye bankambo yao baliingia Tabora mu 1916, bengine balifika mpaka Saïo, kule Etiopia, mu 1941. Tulichanga makuta kidogo-kidogo, paroasi ikatupatia nafasi mu kiwanja yake. Sasa fundi mumoja anataka kutufanyia soda ya sima ya kupakaa rangi, mwingine anasema bronze tu, ile mukuba ya kuchanganya na bati, na bei yake inatisha. Tushike gani? *Papa wa Katuba*

Jibu. Jambo sana papa. Tuanze na hesabu, juu batu mingi bakisikia bronze banawaza kintu yenye kujaa mpaka mu tumbo. Hapana, ndani iko wazi, ukuta yake iko kama milimetre 5 hivi. Mwili ya mutu muzima ni kama litre 70, na litre moja ya bronze inakaribia kilo 9, njo kusema ukijaza yote unapita kilo 600, lakini ikiwa wazi unabakia na kama kilo mia. Bei inatisha juu ya kazi zaidi kuliko juu ya uzito: unatengeneza sura mu nta, unaifunika na udongo, unachoma nta itoke yote, kisha unamwaga bronze pale nta ilikuwa, kipande kwa kipande, na kuunganisha. Mukuba yenyewe iko yetu, bati inatoka Maniema na Kivu, ile haiko shida. Shida ni moto. Bale bafundi banamwaga nyungu ya aluminium, aluminium inayeyuka ku degré 660, bronze inaomba karibu 1000, na kumwaga muzuri unapita pale. Kama huyu fundi hajamwaga bronze hata moja, aanze kukuonyesha kichwa tu, utaona.

Miye ningeshika njia ingine kabisa, mukuba ya kugonga. Tuko Lubumbashi papa, nani hana ile picha ya mukuba ku ukuta, mama anatwanga ao tembo! Ni nyundo ileile: tôle inapashwa mpaka iwe nyekundu, ikipoa inakuwa laini, unagonga, ikianza kuwa nguvu unaipasha tena. Ile sanamu kubwa ya New York, ya 1886, ni tôle ya mukuba ya kugonga, milimetre 2,4 tu. Lakini mifupa yake ya ndani ilikuwa ya chuma, na chuma ikigusana na mukuba pale penye maji, chuma inakulika mbio, miaka ya 1980 ikabidi batoe zile fer zenye kushika tôle na kuweka inox, chuma yenye haishikake kutu. Njo fundi akikwambia ataweka fer à béton ndani mwambie hapana, inox, bila hivyo makuta yenu inalala.

Sima siidharau. Ikiwa fer yake imelala centimetre 4 ndani na bamemwangia maji siku zake zote, inaishi. Ila ile rangi ya kuigiza bronze, aa, mvua mbili tatu inatoka maganda.

Ulizo. Na bezi ya mitraille, bale banaibaka vyuma juu ya kuuzisha, je? Huku kwetu hata mufuniko ya kaniveau banabeba. *Mama wa Kampemba*

Jibu. Mama, uko na haki. Écrou isionekane inje, sanamu ifungwe kutokea ndani, miguu iingie mu sokle ya béton, na sokle ipite kimo ya mutu. Kiwanja yenye sentinelle inashinda rond-point. Mutoboe tundu kidogo chini ya miguu, maji ya ndani ipate kutoka, hiyo bafundi banaisahaulaka kila siku. Fondation ichimbwe wakati ya kiangazi, na kama pale palikuwa kichuguu muchimbe mpaka mupite matundu yote ya muchwa, sokle ikiinama hakuna wa kuisimamisha tena.

Ulizo. Fundi alituletea maquette, soda iko na bottes na Kalashnikov. Bazee banakataa, kijana anasema ni style. *Yaya wa commune Kenya, Lubumbashi*

Jibu. Bazee banasema kweli. Ile bunduki ilianza kutengenezwa mwisho ya miaka ya 1940, Tabora ilikuwa 1916! Soda ya ile vita ya kwanza alivaa fez na alitembea miguu wazi, bottes ilikuwa ya bazungu. Mutafute foto ya zamani mu familia, hata ile ya kupasuka, fundi akopie pale.

Na kama makuta inatosha kwa mutu wa pili, awe mupagazi. Bapagazi balikuwa bengi kupita basoda, balibeba masasi na chakula ku kichwa, balikufa na njaa na magonjwa, na majina yao karibu hakuna mutu aliandika. Makuta ikikosa, mufanye soda mufupi na plaque kubwa, bafamilia batakuja kutafuta jina mbele ya kuangalia bunduki. Liste isomwe mu kanisa dimanche mbili tatu mbele fundi hajaanza kuchora, kila familia isahihishe jina lake, juu herufi ikisha kuingia mu mukuba haifutike.