Kubadili Vitufe vya Kibodi kwa Kudumu kwenye Kompyuta Kuukuu ya Unix

Kompyuta ninayoandikia hapa Mji wa Kale, Mombasa, ni ya zamani, na hewa ya chumvi imekilegeza kitufe chake cha kushoto cha Control hata hakiitiki tena. Badala ya kutafuta kibodi nyingine, kazi yake niliihamishia kwenye Caps Lock, kitufe ambacho sina haja nacho. Wala mahali hapo si pageni kwa Control, kwani kibodi za kampuni ya Sun zenye mpangilio wa Unix, familia ya mifumo endeshi ya kompyuta, zilikiweka papo hapo, ubavuni mwa herufi A.

Kwanza elewa kwamba kibodi inasomwa katika sehemu mbili: konsoli, yaani skrini ya maandishi matupu, na X, mfumo unaochora madirisha. Utakachokibadili ndani ya X hakiifikii konsoli, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani amri imekosewa.

Kwa upande wa X, fungua programu ya xev, bonyeza kitufe unachotaka kukibadili, kisha usome namba yake; katika kompyuta nyingi za aina ya PC zenye Xorg, toleo la X linalotumika sana, Caps Lock ni 66. Andika faili la ~/.Xmodmap (alama ya ~ ni folda yako ya nyumbani) lenye mistari mitatu:

clear Lock
keycode 66 = Control_L
add Control = Control_L

Nakusihi utumie namba. Mfano ulio maarufu, ule wa kubadilishana Control na Caps Lock kwa majina yao, hurudisha vitufe vilikotoka ukisomwa mara ya pili, ilhali mistari hii mitatu hata ikirudiwa huleta matokeo yale yale.

Faili peke yake halitoshi. Amri ya xmodmap hubadili kikao kilichopo tu, na huku kwetu ambako umeme hukatika bila taarifa, kikao hakina maisha marefu. Kwa hiyo ongeza mstari wa xmodmap ~/.Xmodmap ndani ya ~/.xsession ikiwa unaingilia kupitia xdm, yaani skrini ya X inayokuomba jina na nenosiri, au ndani ya ~/.xinitrc ikiwa unaanzisha X kwa startx, na uuweke kabla ya mstari unaoita programu ya kusimamia madirisha, kwa sababu kinachofuata baada ya programu hiyo hakisomwi mpaka uifunge.

Konsoli hutegemea aina ya Unix uliyo nayo. Katika OpenBSD, ambayo ndiyo ninayoitumia, mtumiaji mkuu huandika keyboard.map+="keysym Caps_Lock = Control_L" ndani ya /etc/wsconsctl.conf, faili linalosomwa kila mashine inapowaka. Ijaribu kwanza amri hiyo kwa wsconsctl, programu inayobadili mipangilio ya konsoli papo hapo, uone kwamba Caps Lock pamoja na C inasimamisha programu inayoendelea, ndipo uihifadhi.