Mnaoanza skriningi ya kutafuta dawa, hiti si dawa

Jana imetokea tena: kijana kasoma pleti moja ya visima 384, kampaundi moja imezima enzaimu (hiyo ndiyo hiti), hata hajarudia, grafu iko kwa grupu ya WhatsApp na watu wanauliza pilau ni lini. Wadogo zangu nawapenda, lakini mnanizeesha.

1. Z' (alama ya ubora wa pleti, jinsi kontroli zinavyotengana) ikiwa chini ya 0.5 hakuna hiti hapo, rudia pleti.

2. Hii ndiyo ilitumaliza sisi. Tulipata hiti tamu, IC50 (kiasi kinachopunguza kazi ya enzaimu kwa nusu) maikromola 2, tukamsukuma mkemia atengeneze ndugu zake. Akatoa klorini akaweka methoksi, nguvu ileile. Akakata pete nzima, nguvu ileile! Badala ya kushtuka, maana hiti ya kweli nguvu yake ingebadilika, tukashangilia, mimi nikiwa mbele, eti tageti (enzaimu tuliyolenga) imekubali kila kitu. Na grafu zenyewe zilikuwa zinaanguka wima, mteremko wa Hill (kipimo cha wima huo) karibu 3, tukaona ni uzuri. Reajenti zimeisha, ripoti imeshaandikwa, ndipo dada mmoja teknishiani, ambaye hatukuwa tunamwita mikutanoni, akauliza, "Kwani bafa yenu haina Triton?" Haikuwa nayo, hiyo sabuni inayowekwa kwenye bafa, maji ya kipimo, kuvunja vibonge. Tukaweka Triton X-100 asilimia 0.01 na familia yote ya kampaundi ikafa nguvu mchana huo. Zilikuwa zinagandana kwenye bafa, vibonge vidogo vinavyonasa enzaimu yoyote, ya kimelea, ya bakteria, haijalishi. Tungeongeza enzaimu mara kumi tu tungeona IC50 inapanda nayo, ni kazi ya asubuhi moja. Mkemia alikaa muda mrefu akinisalimia kwa kichwa tu.

3. Maumbo ya kemikali kama rodanini, kwinoni, katekoli: watafiti Baell na Holloway walishayaanika 2010 kwenye ile orodha ya PAINS (kampaundi zinazodanganya kwenye vipimo vingi), isome kabla hujapiga mtu simu.

4. DMSO, kiyeyushi cha kampaundi zetu, hunyonya maji hewani, funga pleti. Na stima ikipotea, jenereta ikazubaa, friza ikayeyuka, andika kwa kitabu jamani, msigandishe tena kimyakimya halafu mwezi ujao mnashangaa nguvu imeenda wapi.

5. Bloku (vipande vya kujengea kampaundi) 20 kwa kila hatua, hatua 3, ni kampaundi 8,000, sawa, hesabu inapendeza, lakini lebo ya kisima ni ahadi tu. Pitisha LC-MS (mashine inayotenganisha na kupima uzito wa molekuli), kisha agiza poda mpya. Kuna mmoja wenu alibisha kwamba ni kupoteza pesa, poda ikaja safi kabisa na haikuzima chochote, kumbe kazi yote ilifanywa na zinki iliyobaki kwenye sintesisi ya kwanza. Slaidi zilikuwa tayari, na animesheni ndani.